Majnuni na Mjomba Wake

Msomaji wangu, hikaya ya Laila na Majnuni haina haja ya kuelezwa sana katika nyumba zetu za pwani. Aliyesoma Kiarabu ameikuta vitabuni, na asiyesoma ameiona katika senema ya Kihindi ya mwaka 1976, akatoka anafuta machozi. Mimi niliipuuza tangu ujanani, nikaiona ni porojo la mapenzi. Nimeirudia uzeeni kwa sababu ya kijana mmoja wa Nkololo, na nimeona kuwa sote tumeitazama kwa jicho moja.

Nkololo iko wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, nchi ya Wasukuma, ya pamba na ng'ombe. Nilikwenda huko kusomesha chuoni, nikakaa kwa mtu wa pwani aliyehamia kwa biashara ya nguo na akaoa huko huko. Mwanawe, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa akisikia sauti za watu wasiokuwapo, na akidai kuwa mamake anamtilia sumu chakulani. Dawa hataki. Hospitali hataki hata kuisikia. Watoto wa mtaani wakimwita Majnuni, na siku moja mgeni barazani akacheka, akasema jina limempata mwenyewe. Baba mtu hakucheka. Hapo ndipo nilipomkumbuka baba wa Qays.

Ikiwa Qays bin Mulawwah alipata kuwako au hakuwako, wanazuoni wamelitilia shaka jambo hilo tangu zamani, na Abulfaraj al-Isfahani, aliyefariki mwaka 967, amezikusanya habari zake pamoja na shaka hizo. Hilo halinishughulishi. Linalonishughulisha ni kuwa watungaji, tangu Nizami wa Ganja aliyeitunga kwa Kifarsi mwaka 1188 mpaka Ahmad Shawqi wa Misri aliyeifanya mchezo wa kuigiza karne iliyopita, wamemsifu mgonjwa kwa ugonjwa wake. Hali chakula, halali usingizi, anakaa jangwani na wanyama, nasi tunasema: lo, mapenzi hayo! Lau angekuwa mwanao, ungesema hivyo?

Tazama pale baba anapompeleka Makka. Anamwambia aishike Kaaba amwombe Mwenyezi Mungu amwondolee balaa ile, naye anaomba izidi. Wasikilizaji hapo ndipo wanaposhangilia. Mimi namwona mzee aliyevuka jangwa na mwanawe, amefika kwenye mlango wa mwisho anaoujua, na mtoto anaikataa dawa mbele ya macho yake. Katika riwaya za Kiarabu imo pia kuwa jamaa zake walimfunga, akawa akijiuma ulimi na midomo hata wakachelea ataikata, wakamwachia. Basi minyororo ilikwisha jaribiwa zaidi ya miaka elfu iliyopita ikashindwa, na leo mna nyumba zetu ambazo mnyororo umo uani, nyuma ya jiko, na wageni hawaambiwi.

Lililo bora katika kitabu cha Nizami amelipitia upesi. Yuko mjomba, jina lake Salim. Anamfuata Majnuni nyikani na chakula na nguo. Kisha anamleta mama, naye anamwosha mwanawe na kumtengeneza. Kijana hakubali kurudi nyumbani, nao hawamtukani. Sasa fungua Surat Nisaa, aya ya 5. Tumekatazwa kuwakabidhi mali wasioweza kuiendesha, kisha tukaamrishwa tuwalishe, tuwavishe, na tuseme nao maneno mema. Wanazuoni wamemtia mwenda wazimu katika hukumu hiyo. Mambo matatu, na mjomba na mama waliyatimiza yote, walakin hakuna aliyeimba sifa zao.

Aibu ya pili ya hikaya ni kuwa tabibu hana nafasi humo. Wala si kwa kuwa tabibu hakuwako duniani. Hospitali ya Nuruddin ya Damascus ilijengwa mwaka 1154, na Ibn Jubayr, aliyepita huko mwaka 1184, ametaja kuwa wendawazimu wakitibiwa humo, ingawa nao walikuwa wakifungwa. Tiba ilikuwapo, mtunzi akaona mapenzi yatauzika zaidi.

Wako watakaonijibu kwa hadithi ya yule mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume s.a.w., akahiyarishwa baina ya dua ya kupona na subira yenye Pepo, akachagua subira. Watasema, basi mgonjwa ana haki ya kukataa. Hadithi ni sahihi, Bukhari na Muslim wameipokea. Lakini mwanamke yule aliulizwa akajibu kwa akili timamu, hata akaombea stara yake asifunuke anapoanguka. Huyu wetu kinachougua ndiyo hiyo akili ya kuchagulia. Madaktari wanajua kuwa katika maradhi haya mara nyingi mgonjwa hawezi kujiona kuwa ni mgonjwa. Si kiburi wala si utovu wa adabu kwa wazee.

Nami sijitoi lawamani. Nilimsomea kijana yule aya za kinga, na hilo ni jema. Kisha nikamwambia baba yake kuwa yatosha. Hilo lilikuwa kosa langu. Baba naye akasaga vidonge akatia katika uji. Kijana akavigundua, na tangu siku hiyo hofu yake ya sumu ikapata ushahidi. Asile tena nyumbani. Baba akakasirika akamwambia ameze dawa au aondoke, akaondoka, akawa analala chini ya mkwaju karibu na ghala la pamba.

Aliyemfuata ni mjomba, Msukuma, wala si Muislamu. Kila jioni akichukua ugali na maziwa, akila kwanza yeye tonge mbili mbele yake, kisha akizungumza habari za ng'ombe. Dawa hakuitaja. Yapata miezi minne ikapita hivyo. Siku kijana alipoumwa na jino, alimwomba mjomba amsindikize zahanati. Huko wakasemezana naye kwa upole, na mwishowe akapelekwa Bugando, Mwanza, akakubali sindano ile ya kukaa mwilini wiki kadhaa, inayopunguza ugomvi wa vidonge vya kila siku.

Iko Mirembe pale Dodoma tangu mwaka 1927, na iko Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayowapa jamaa njia ya kuomba mgonjwa apokewe bila ya ridhaa yake. Anapotishia roho yake au ya mwenziwe, njia hiyo ifuatwe mara moja, bila ya kuona haya.

Kijana alichoma sindano mara tatu. Ya nne aliikataa. Nilipoondoka Nkololo alikuwa amerudi chini ya mkwaju, na mjomba alikuwa amebeba sahani, akipita mbele ya duka la shemeji yake. Safari hiyo baba alifunga duka mapema akamfuata.