Picha na Anwani Yake: Wasurealisti na Ukweli

Wako wasomaji wazionao picha za Wasurealisti wa Ufaransa kuwa ni hila tupu: kamera, wasema, iliundwa ili ishuhudie, nao wakaifundisha uongo. Hoja hii yaifaa picha kama ile ya Man Ray ya mwaka 1924, ambamo mgongo wa mwanamke umetiwa matundu mawili ya fidla. Mkono wa fundi waonekana pale, na asiyetaka kudanganyika hadanganyiki. Lakini haiifikii picha iliyo ngumu zaidi, ambayo haikuguswa hata kidogo.

Picha hiyo ilipigwa na Eugène Atget tarehe 17 Aprili, 1912, katika uwanja wa Bastille mjini Paris. Jua lilikuwa likipatwa. Atget hakuielekeza kamera mbinguni, bali aliwageukia watu: umati umesongamana, nyuso zimeinuliwa upande mmoja, vioo vyeusi mbele ya macho. Jua lenyewe halimo. Kazi yake ilikuwa kuwauzia wachoraji picha ziwafaazo, nazo aliziita hati tu. Man Ray, aliyekuwa na chumba chake cha kazi katika mtaa ule ule, alinunua kadhaa. Mwezi wa Juni, 1926, picha ile ikatokea juu ya jalada la La Révolution surréaliste, toleo la 7, na chini yake maneno mapya yenye maana ya "Uongofu wa Mwisho".

Hakuna kilichobadilika ila maneno. Sentensi ina kikanushi, picha haina. Mtu aweza kusema "jua halikupatwa", lakini hapana kamera iwezayo kuipiga picha ile "ha-". Kisichoweza kukana hakiwezi kudai, na kisichodai si kweli wala si uongo. Picha ni kama unyayo mchangani: hakika mtu alipita, ila unyayo hausemi ni nani wala alikwenda kufanya nini. Asemaye ni msasi.

Basi anwani ya Atget, iliyotaja kupatwa kwa jua, ni dai, na kalenda yalithibitisha. Ile ya Wasurealisti nayo ni dai, na kalenda yalikana, kwani siku ile watu walikusanyika kutazama jua, si kuongoka. Hata hivyo yaonyesha jambo ambalo ile ya kwanza ililificha. Mtu akishaambiwa kwa nini umati umeinua macho, hazitazami tena nyuso. Asipoambiwa, huona jinsi watu wazima wenye kofia zao walivyofanana na waabuduo. Hapo Wasurealisti walishinda. Lakini ushindi wenyewe ni wa kuazima, maana uzito wote wa mzaha ule watoka katika hakika ya kuwa watu wale walisimama pale. Umati uliochorwa kwa mkono usingalimshangaza mtu.

Atget aliomba jina lake lisitajwe, na halikutajwa. Wengi wamelichukulia ombi hilo kuwa ni haya za mzee asiyeelewa mambo mapya. Si lazima. Huenda alielewa kuliko wao: aliuza unyayo, na dai lile halikuwa lake.

Dora Maar alishika njia nyingine. Picha yake ya mwaka 1936 yaonyesha kiumbe chenye magamba na makucha, naye alikiita kwa jina la Ubu, yule mfalme mlafi na katili wa tamthilia ya Alfred Jarry. Wengi hudhani ni kijusi cha armadilo, mnyama wa Amerika ya Kusini. Hapa dai la kwanza halikubadilishwa, halikutolewa kabisa. Mtazamaji amepewa unyayo, amepewa na jina ambalo dhahiri si la mwenye unyayo, basi. Wamlaumuo Maar kwa kimya chake wataka awape kalenda. Walakini angalimtaja mnyama, picha ingalihamia katika vitabu vya elimu ya wanyama, na ile hofu imshikayo mtu anapoitazama ingaliondoka. Maar alifariki mwaka 1997, na mnyama hakumtaja.