Kilti isiyo na Koboko ndani yake

Walioitazama The Last King of Scotland, filamu ya Kevin Macdonald ya 2006 iliyompa Forest Whitaker tuzo ya Oscar, hawahitaji kuelezwa kilti za Idi Amin. Picha za kale nazo zipo: askari wa Uganda, zumari za mfuko kwapani, sketi za Kiskoti magotini. Wengi huzitazama kwa kicheko, wengine kwa hofu, na wote wana sababu. Lakini mpenzi wa nguo ana shauri lake la tatu. Uchaguzi ule wa kitambaa ulikuwa mbovu kiufundi, tena mbovu wa kusikitisha, kwa kuwa mtu aliyeufanya alikuwa na mali ghafi ambayo wabunifu wengi wa tartani, kitambaa cha Kiskoti cha kilti, wangeitamani.

Nasaba ya Amin inajulikana. Baba Mkakwa wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mama Mlugbara, malezi na dini vikamweka karibu na Wanubi, kisha mwaka 1946 akaingia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Kikakwa ni lugha ya Kiniloti, ndugu wa Kibari, na wasemaji wake wametawanywa na mipaka katika Uganda, Sudan Kusini na Kongo. Kilugbara kiko katika ukoo mwingine kabisa wa lugha, ule wa Sudan ya Kati. Wanubi nao ni mchanganyiko tangu mwanzo: wazao wa askari wa Emin Pasha na wake zao kutoka makabila mengi, ambao Lugard, ofisa Mwingereza, aliwachukua mwaka 1891, na hadi leo wanazungumza Kiarabu chao walichokiunda wenyewe kambini.

Nyuzi tatu, basi, zote za nyumbani. Hakutumia hata moja.

Ili kosa lionekane lilivyo, ni lazima kuingia kwenye mtambo wa kufumia. Tartani si chapa. Kitenge kinachouzwa sokoni Arua, hata kile kinachovuka kutoka Ariwara upande wa Kongo, hupigwa rangi kikiwa kimeshafumwa, na rangi mbili zilizochapwa jirani hubaki majirani tu. Katika tartani rangi imo ndani ya uzi kabla ya kazi kuanza. Nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu, hupangwa kwa hesabu maalumu, na mshindio unaokatiza kwa upana hurudia hesabu ileile, uzi ukipita juu ya mbili na chini ya mbili hadi mshazari utokee. Nyekundu ikikutana na nyekundu hubaki nyekundu tupu. Nyekundu ikikutana na buluu huzaa rangi ambayo haikuchovywa katika chungu chochote. Rangi mbili hutoa sura 3, tatu hutoa 6, na sita hutoa 21. (Wauzaji wanaokiita kila kitambaa cha miraba “shuka la Kimasai”, na kila shuka tartani, wasome aya hii mara mbili. Miraba peke yake haitoshi.)

Tuchukue mtu mwenye wazazi wa makabila mawili, kila mmoja apewe upana sawa. Robo ya kitambaa itakuwa rangi ya baba tupu, robo ya mama tupu, na nusu nzima iliyobaki itakuwa ya wote wawili kwa pamoja. Hakuna nembo wala bendera inayoweza kusema jambo hilo kwa usahihi kiasi hicho. Bendera huweka rangi kwenye mistari na kuzitenga. Ufumaji huu huzilazimisha kupitana kila inchi. Ndiyo maana safu hii inaliona kosa la Amin kuwa kubwa kuliko wanavyolihesabu wanahistoria wa mavazi. Alishika mkononi ufundi pekee uliobuniwa kana kwamba kwa ajili ya watu wa aina yake, akautumia kuonyesha Uskoti.

Na kwa nini Uskoti? Sababu haikuwa ya nguo. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia, uhusiano na London ukaharibika hadi ukakatwa 1976, na katikati ya ugomvi huo akajitokeza kama rafiki wa Waskoti dhidi ya Waingereza, akijitangaza kuwa tayari kuwa mfalme wao. Kilti ikawa silaha ya kuudhi watu wa mbali. Kitambaa kilichochaguliwa ili kumkera jirani wa mtu mwingine hakiwezi kumwambia mtazamaji lolote kuhusu mvaaji, wala kuhusu Koboko.

Utetezi uliozoeleka ni wa kijeshi: majeshi yaliyolelewa na Waingereza yalirithi zumari, na zumari huja na kilti. Ni kweli kwa zumari. Kuhusu kitambaa, hata wanaoazima huwa na sababu ya kuazima. Wapiga zumari wa kikosi cha 7 cha Gurkha, askari wa Kinepali wa jeshi la Uingereza, walivaa tartani ya Douglas kwa kuwa kikosi chao kilikuwa na udugu rasmi na Cameronians, kikosi cha Kiskoti kilichokuwa kikiivaa. Kamba inaonekana, unaweza kuifuata. Kamba ya kutoka Koboko hadi nyanda za juu za Uskoti iko wapi, zaidi ya kumbukumbu za maofisa Waskoti waliomfundisha kupiga saluti?

Kuna wanaodai kwamba hakuwa na njia nyingine, kwamba tartani ni ya ukoo wa damu na mgeni huvaa alichokikuta. Hoja hii imezeeka na ilistahili kuzikwa zamani. Mpangilio wa kila ukoo na kitambaa chake ulishamiri baada ya ziara ya Mfalme George IV huko Edinburgh mwaka 1822, sherehe aliyoipanga Walter Scott, na kitabu cha 1842 kilichoutia nguvu, Vestiarium Scoticum, kilikuwa cha kughushi. Kampuni ya Wilsons ya Bannockburn ilikuwa ikifuma ruwaza na kuzipa majina kadiri biashara ilivyotaka. Aliyetaka kubuni mpya miaka ya 1970 asingekuwa na wa kumzuia.

Na mfano ulikuwapo. Mwaka 1953, huko Nova Scotia nchini Kanada, Bessie Murray alitengeneza picha ya ukutani kwa ajili ya maonyesho ya wafugaji wa kondoo. Ndani yake kulikuwa na mchungaji aliyehitaji kilti. Akimpa tartani ya ukoo mmoja, koo nyingine zingenung'unika. Murray akafuma mpya, akachukua rangi kutoka bahari, misitu na mawe ya jimbo lenyewe. Ikaandikishwa rasmi 1956 na kuwa tartani ya jimbo. Mwanamke huyo aliuona mtego na akaukwepa akiwa kazini tu, bila ikulu, bila bendi. Hajapatikana wa kumzidi.

Waliokuja baadaye wamefanya kazi safi. Tartani ya Singh, jina la Masingasinga, ya 1999 imetulia. Ya Kiyahudi ya 2008 ilikwepa kuchanganya sufu na kitani kama dini inavyoagiza. Ya Waislamu wa Uskoti, ya 2012, ina mistari mitano myeupe kwa nguzo tano na sita ya dhahabu kwa nguzo za imani, ingawa kuhesabu mafundisho kwa mistari ni njia nyepesi kuliko kuyaacha yapitane.

Koboko haikupata kazi kama hiyo. Mkoa wake wa West Nile ulilipa gharama ya sura aliyoupa Amin. Utawala wake ulipoanguka Aprili 1979, kisasi kiliwafuata watu wasiokuwa na hatia. Huko Ombaci, karibu na Arua, watu waliuawa kwenye misheni tarehe 24 Juni 1981, na maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Miaka mingi baadaye, mtu wa Koboko akijitaja ugenini huulizwa habari za Amin kabla ya habari za mama yake. Kitambaa kizuri kisingezuia hayo. Lakini kazi ya kuonyesha watu wa huko ni akina nani bado ipo, na haijafanywa.

Inaweza kufanywa sasa. Daftari la Tartani la Uskoti lililofunguliwa Februari 2009 linapokea waombaji kutoka popote, mradi ruwaza iwe mpya na jina liwe na uhusiano wa kweli na mwombaji. Pendekezo la safu hii: nyuzi 24 za Kikakwa, 24 za Kilugbara, 8 za Kinubi. Kwa hesabu hiyo asilimia 39 ya kitambaa ni rangi tupu na 61 ni mchanganyiko. Mstari wa kugeukia, pale ruwaza inapoanza kurudi nyuma, upewe mlima Liru wa Koboko, ambako masimulizi ya Kilugbara aliyoyaandika mwanaanthropolojia John Middleton yanamweka shujaa Jaki, babu ambaye Wakakwa nao humdai. Rangi ya Kinubi isisukumwe pembeni kama pindo; ikae katikati ya zile mbili, ili isipatikane njia ya kuzivuka bila kuikanyaga.