Wabunge wa Concord

Bunge la jimbo la New Hampshire, Marekani, nalipongeza kwa moyo wote. Baraza lake la Wawakilishi lina viti 400 kwa wakazi takriban milioni 1.4, hivyo mbunge mmoja anawasemea watu wapatao 3,500 tu. Mshahara ni dola 200 kwa muhula wa miaka miwili, kiwango kilichowekwa mwaka 1889. Anayegombea hafuati fedha. Lakini sifa kubwa zaidi ni hii: kila muswada lazima usikilizwe hadharani, kisha upigiwe kura ukumbini. Hakuna mwenyekiti wa kamati anayeukalia kimyakimya. Mwananchi wa kawaida anafika Concord, mji mkuu wa jimbo, anajaza kadi ya kuomba kuzungumza, anaketi mbele ya kamati na kusema lake, nao wabunge wanamsikiliza.