Kitabu cha uongo chenye kukataa kufa

Wandugu wa promosheni, ile maandishi inaitwa "Protokali za Wazee wa Sayuni" ingali inatembea ku intaneti. Inajifanya ripoti ya mkutano wa siri, fasi Wayahudi wanapanga kutawala dunia. Mimi niko mtu wa kilimo, lakini hata mkulima hapandi mbegu bila kuuliza imetoka wapi. Basi tuulize.

Ilitoka mara ya kwanza Urusi, katika gazeti, mwaka 1903. Mwaka 1921, gazeti The Times la London lilionyesha wazi kwamba sehemu kubwa iliibwa katika kitabu cha Mfaransa Maurice Joly, cha mwaka 1864. Joly alikuwa anamshambulia Napoleon III. Habari ya Wayahudi hakuna mule. Ku iniversite, jury ingetupa memwari ya namna hii siku ile ile.

Tena imeandikwa vibaya. Msemaji hana jina, mkutano hauna fasi wala tarehe, na "adui" anajisifu mwenyewe juu ya ubaya wake wote. Nani anapanga uhalifu akiongea hivyo? Lakini kumbe nguvu yake iko pale: juu haitaji kitu, kila msomaji anaingizamo shida yake mwenyewe. Ndiyo sababu Wanazi waliendelea kuichapisha hata kisha uongo kujulikana. Wayahudi milioni 6 waliuawa.

Na haikuishia pale. Tarehe 27 Oktoba 2018, Pittsburgh, Marekani, mtu mmoja aliingia mu sinagogi Tree of Life, akaua watu 11. Mbele ya kwenda, aliandika ku intaneti kwamba shirika la Kiyahudi HIAS linaleta "wavamizi". Ni hadithi ile ile ya Myahudi anayepanga mambo kwa siri. HIAS inasaidia wakimbizi, na kati yao muko Wakongomani. Kwa hiyo "wavamizi" walikuwa pia ndugu zetu. Hilo neno tunalijua hapa kwetu, na tunajua kinachofuata nyuma yake.

Wengine watasema: "Sasa hatuna ruhusa ya kukosoa Israeli?" Ruhusa iko. Taja waziri, taja tarehe, taja tendo, kama unavyokosoa serikali yoyote. Lakini ukiandika "Wayahudi ndio wako nyuma ya kila kitu", haujakosoa mtu. Umenakili Protokali, hata kama haujaisoma.