Uraibu wa Kuwinda na Ayala Jike: Uhakiki wa "Delta Autumn" ya William Faulkner

Hadithi za uwindaji za Kimarekani zina msomaji wao maalumu, naye ni mtu aliyewahi kukaa kimya nyuma ya mti alfajiri ya Novemba, bunduki au upinde mkononi, akimvizia mnyama. Msomaji wa Afrika Mashariki huzisoma kwa mashaka, na mashaka hayo yana sababu. Kwanza, mnyama mwenyewe hayupo huku: kusini ya Sahara haikupata kuwako hata aina moja ya jamii yake. Wafasiri wamemwita paa, wengine kulungu, na wafasiri wa Biblia wakamtafutia jina lenye asili ya Kiarabu, ayala, ambalo kila aisomaye Zaburi ya 42 amekutana nalo. Jina hilo la mwisho ndilo litumikalo katika makala haya, kwa kuwa paa na kulungu ni wanyama wengine kabisa. Pembe za kulungu humea mara moja zikadumu naye hadi kufa. Za ayala huanguka kila mwaka baada ya majira ya kupandana, kisha zikamea upya. Tena azimeaye ni dume peke yake, isipokuwa katika aina moja ya nchi za baridi kali za kaskazini. Habari hii ya pembe si ya elimu ya wanyama tu. Asiyeifahamu hataelewa mwisho wa hadithi inayohakikiwa hapa.

Pili, liko jambo la nia. Mwindaji wa ngano za pwani na bara hutoka kwa sababu ya njaa, au ya kulinda shamba, au ya kutumwa na mfalme. Yule awindaye kwa miaka sitini, ilhali ana nyama ya kununua na fedha za kuinunulia, ni vigumu kumpatia jina. Husemwa kwamba anafanya burudani. Lakini burudani ni kitu cha jioni moja. Neno lililo karibu zaidi ni uraibu, ambalo wazee walilitumia kwa tambuu na tumbaku kabla ya walimu wa shule kuligeuza kuwa jina la mambo ya saa za mapumziko. Mraibu si mtu anayejifurahisha. Ni mtu asiyeweza kuacha, na anayejua kwamba hawezi.

Isaac McCaslin, mhusika mkuu wa sehemu kubwa ya Go Down, Moses, ni mraibu wa namna hiyo. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1942, nacho kina visa saba ambavyo mwandishi alisisitiza kuwa ni riwaya moja. Faulkner (1897-1962) alikuwa mwenyeji wa Mississippi na mwindaji yeye mwenyewe, aliyezoea kambi za msimu wa vuli tangu ujana wake. Kwa hiyo hazungumzi juu ya uwindaji kama mtu aliyeusikia. Jambo linalomshughulisha ni swali hili: je, maisha mazima ya kuwinda kwa adabu humfanya mtu kuwa mwadilifu? Hadithi yake ina jibu kali kuliko lile ambalo wengi wa wasomaji wake wamekubali kulisikia.

Elimu ya Isaac yasimuliwa katika "The Old People" na "The Bear". Mwalimu wake ni Sam Fathers, mwana wa chifu wa Wachickasaw aliyezaliwa na mama mtumwa mwenye damu ya Kiafrika. Chifu huyo, baba yake mzazi, ndiye aliyemuuza yeye pamoja na mama yake kwa babu yake Isaac. Kijana anapomwua ayala dume wake wa kwanza, akiwa na umri wa miaka 12, Sam huchovya mikono katika damu na kumpaka usoni. Siku hiyo hiyo anatokea dume mwingine, mkubwa kupita kiasi. Sam hainui bunduki bali mkono, akamwamkia kama mjukuu amwamkiavyo babu. Mfasiri wa Kiswahili hapa ana bahati, kwa kuwa anayo shikamoo tayari, na ndani yake mna picha ya mtu ashikaye miguu ya aliye mkubwa wake. Katika "The Bear" kijana huyo huyo hawezi kumwona dubu mpaka kwanza aiache bunduki kambini, kisha atundike saa na dira kichakani na kuendelea mikono mitupu. Hii ndiyo dhamira ya awali ya kitabu: kwamba mwindaji wa kweli hukua kwa kupunguza vyombo vyake, na kwamba kusudi la kumvizia mnyama si kumwua tu, bali kustahili kumwona.

Dhamira hiyo ina mvuto, na haikuwa ya Faulkner peke yake. Aldo Leopold, mwanazuoni wa misitu aliyewinda ayala kwa upinde katika jimbo la Wisconsin, aliandika miaka hiyo hiyo kwamba mwindaji hana watazamaji wa kumshangilia wala wa kumzomea, hivyo hakimu wake ni dhamiri yake tu. Wawindaji wa upinde ndio walioishika zaidi imani hii. Mwenye bunduki aweza kumwangusha mnyama aliye mbali asiyejua kwamba anatazamwa. Mwenye upinde hana budi kunyemelea hadi hatua ishirini au thelathini, aujue upepo unakotoka, ajizuie hata kupumua kwa nguvu. Mshale uliopotoka hauui, hujeruhi, na aliyejeruhi ana wajibu wa kufuata damu hata usiku. Katika Wisconsin msimu wa upinde peke yake uliruhusiwa na sheria mwaka 1934, na tangu hapo uraibu huo umeenea katika majimbo yote.

Lakini nani aliyefundisha? Hapa historia inaufanania ubunifu wa Faulkner kwa namna ya kutisha kidogo. Mwezi Agosti 1911 mtu mmoja, mwenye njaa na aliyekuwa peke yake, alitokea karibu na mji wa Oroville, California. Alikuwa mtu wa mwisho wa Wayahi, ambao walowezi walikuwa wamewaua kwa bunduki, kundi kwa kundi, katika miaka ya 1860. Jina lake hakulitaja kamwe. Wataalamu waliompeleka kwenye jumba la makumbusho la San Francisco walimwita Ishi, yaani "mtu" kwa lugha yake. Daktari wake, Saxton Pope, akawa mwanafunzi wake. Ishi alimfundisha kuchonga upinde na kuutia upote, kunyoosha wano, kuchonga kichwa cha mshale kwa jiwe la kioo au hata kwa kipande cha chupa. Alimwonyesha jinsi ya kumvuta ayala kwa kuvaa kichwa cha ayala kilichokaushwa, na alimweleza kwamba anayekwenda kuwinda huacha samaki na tumbaku siku moja kabla, kisha akaoga mtoni alfajiri. Ishi alikufa kwa kifua kikuu mwezi Machi 1916. Mwaka 1923 Pope alitoa kitabu chake, Hunting with the Bow and Arrow, na wapenzi wa upinde wa Marekani hukihesabu kitabu hicho hadi leo kuwa msingi wa uraibu wao.

Haifai kumkejeli Pope. Kitabu chake kina heshima ya kweli kwa mwalimu wake, na sura zinazomhusu Ishi ndizo bora. Ila msomaji haachi kuona mpango wa mambo: upinde ulikuwa riziki, wenyewe wakamalizwa kwa bunduki, kisha jamii ya wenye bunduki ikauokota upinde na kuufanya adabu. Sam Fathers naye hufa bila mtoto, na ujuzi wake wote hubaki kwa mjukuu wa mtu aliyemnunua.

Mwaka 1925 Pope alifika Tanganyika pamoja na Arthur Young na Stewart Edward White ili kuwapiga simba kwa mishale, bunduki ikiwa karibu kwa tahadhari. Safari hiyo ilihesabiwa kuwa ushujaa wa kimichezo. Ilhali mwenyeji wa Afrika Mashariki aliyetoka na podo lake bila leseni, akirudi na mnyama wa kulisha nyumba yake, aliitwa jangili na sheria za wakoloni. Na katika Kenya ya miaka ya 1950 Wawaata wengi wa upande wa Tsavo, mafundi wa upinde mzito na mshale wa sumu, waliishia gerezani. Kweli, wengi wao walikuwa wakiuza pembe za ndovu, na ndovu hakuwa mali ya kufujwa. Hata hivyo mwenye leseni naye aliziondoa pembe, akazitundika ukutani. Uwindaji wa leseni ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na kwa hiyo msomaji kijana wa Nairobi hajui uraibu huu ila vitabuni. Huenda ndiyo sababu aweza kuisoma "Delta Autumn" bila kupumbazwa na harufu ya moto wa kambini.

Hadithi yenyewe ni fupi. Isaac sasa ni mzee aliyepita miaka sabini. Alipokuwa na miaka 21 aliukataa urithi wa shamba la babu yake, kwa sababu alisoma katika daftari za ukoo kwamba mzee huyo alizaa na mtumwa wake, kisha akazaa na binti aliyepatikana humo, yaani binti yake mwenyewe. Na mama wa binti huyo akajitosa mtoni. Tangu kulikataa shamba, Isaac amebaki na kitu kimoja tu ambacho hakukosa mwaka wowote: kwenda kuwinda ayala kila Novemba. Zamani msitu ulikuwa maili 30 kutoka mjini, wakaenda kwa gari la kukokotwa. Sasa ni maili 200, na wanakwenda kwa motokaa. Faulkner hahitaji kusema zaidi juu ya kukatwa kwa misitu.

Kambini wanaume wanabishana juu ya vita vilivyoanza Ulaya, na mmoja wao, Legate, anamtania Roth Edmonds, ndugu wa Isaac wa kizazi cha chini, kwamba anarudi msituni kumfuata ayala jike anayetembea kwa miguu miwili. Mzee anatetea ulinzi wa majike na watoto wao. Anaamini asemayo, hapo hapana unafiki. Asubuhi yake Roth anamwachia bahasha ya fedha na neno moja la kukataa, kisha anakwenda kuwinda. Mwanamke anafika hemani na mtoto mchanga. Kutokana na maneno yake mzee anatambua mambo mawili: kwamba ni mtu mweusi, na kwamba ni mjukuu wa yule mwana wa ukoo wa watumwa aliyewahi kutoroka shamba. Mtoto aliyembeba ni damu ya McCaslin kwa pande zote mbili. Dhambi ya babu imerudi, na safari hii mpokezi wake ni yule aliyeacha urithi wote kwa ajili ya kuikana.

Mzee anafanya nini? Anampa bahasha. Anamwambia aende kaskazini, aolewe na mtu wa rangi yake, asahau. Mwanamke anamwuliza kama ameishi muda mrefu hata akasahau kila alichopata kujua juu ya mapenzi. Katika hadithi nzima hakuna mwingine asemaye jambo zito kama hilo, na aliyelisema hakupewa jina. Wahakiki wengi wa mwanzo walimsoma Isaac kama mtakatifu wa msituni, na ni vigumu kufahamu waliupitaje ukurasa huu. Mtu aliyejifunza kumwamkia ayala kama babu ashindwa kumpokea mwana wa ukoo wake. Alijua kuacha bunduki, saa na dira. Rangi hakuweza kuiacha.

Yako mashtaka dhidi ya mwandishi pia. Mwanamke huyo ametumiwa kama kipimo cha dhamiri ya mzungu, kisha akaondolewa, na msomaji hasikii tena habari zake. Fani nayo haikosi kasoro: Faulkner, ambaye katika "The Bear" aweza kuburura sentensi moja kurasa kadhaa bila nukta, huziba kwa wingi wa maneno mahali ambapo kimya kingetosha. Lakini mwisho hakuziba. Mzee anatwaa baragumu la pembe lililovikwa ngozi ya ayala na kupambwa kwa fedha, kitu cha thamani kuliko vyote alivyobaki navyo, akaagiza apewe mtoto. Msomaji wa Lamu na Pate atakumbuka siwa, na ni kweli kwamba kuna urithi hapa. Ila siwa huenda pamoja na mamlaka, na mtoto huyu apewa pembe bila shamba wala msitu wa kulipulizia.

Kisha Legate anaingia akitafuta kisu. Roth ameangusha mnyama. Mzee anauliza ni mnyama gani, naye anajibiwa kwa haraka kwamba ni ayala tu, si wa kusifiwa. Hapa Kiswahili kina uwezo ambao Kiingereza hakina. Jike, likisemwa juu ya mnyama, ni neno safi. Likisemwa juu ya binadamu, ni tusi. Mfasiri akilitia neno hilo katika kinywa cha Legate usiku wa kwanza, wakati wa mzaha, litakuwa limekwisha kuchafuka litakaporudi mwishoni. Dume hujulikana kwa pembe zake, na mwindaji wa miaka mingi kama Roth hawezi kudai kwamba alikosea. Mzee amelala chali hemani, blanketi hadi kidevuni, mvua ikinyesha juu ya turubai. Hakumwona mnyama, lakini asema kwamba ni jike.