Nyuma ya Dashibodi

Carina TI yangu ilitoka kiwandani mwaka 1998, ikaja Dar es Salaam na redio yake ya kaseti. Redio hiyo ilishika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, kwa kuwa ndiyo masafa yaliyotumika Japani. Hapa kwetu stesheni zinapanda mpaka 108. Miaka yote nilikuwa mtu wa stesheni chache. Juzi nikanunua redio mpya, nikaipeleka mtaa wa Gerezani kwa mzee mmoja niliyeelekezwa na dereva teksi, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikimtazama.

Kwanza aliniambia niliache gari juani nusu saa, vioo vimefungwa. Plastiki ya dashibodi iliyokula miaka mingi hukauka, na ukiivuta ikiwa baridi inavunjika masikio. Ikipata joto inalegea. Kisha akafungua terminali hasi ya betri, akachukua kijiti cha plastiki alichokizungushia kitambaa, akaanza kuibembeleza fremu upande huu, halafu upande ule, akisikilizia kila klipu inavyoachia. Fremu ikatoka bila mkwaruzo.

Lakini ni kwenye waya ndipo nilipomvulia kofia. Waya wa kijivu kwenye redio mpya huenda kwenye spika ya mbele kulia. Waya wa kijivu kwenye Toyota nyingi za miaka ile ni wa umeme unaokuja ukifungua swichi ya ufunguo. Ukiunga kijivu kwa kijivu, volti 12 zinaingia kwenye njia ya spika, na redio inaweza kuungua kabla haijatoa sauti. Ndiyo maana mzee haamini rangi. Alirudisha betri kwa muda, akashika testa, akapima waya mmoja mmoja: ufunguo umezimwa, ufunguo umefunguliwa, taa zimewashwa. Uliokuwa na umeme muda wote akaupa wa njano wa redio, maana huo ndio unaotunza stesheni. Uliofuata ufunguo akaupa mwekundu. Hizo mbili zikibadilishana, kila ukizima gari redio inasahau kila kitu.

Betri ikatolewa tena. Mfukoni akatoa betri ndogo ya saa ya ukutani, ya volti 1.5.

"Mwanangu, weka kidole hapo kwenye spika, taratibu. Inatoka au inaingia?"

Akagusisha waya. Karatasi ya spika ikasukuma kidole changu, kidogo sana, kama mshipa unavyopiga.

"Inatoka, mzee."

Basi ule uliogusa chanya akaufunga kipande cha tepu nyeupe. Tulifanya hivyo kwa spika zote nne. Spika moja ikiungwa kinyume, inavuta wakati wenzake wanasukuma, na besi inapotea. Watu wengi huenda kununua spika mpya kumbe kosa ni hilo.

Soketi ya gari hakuikata. Aliniagiza dukani soketi inayoingiliana nayo, akakaa mezani akaunga waya za redio kwa risasi, kiungo kimoja kimoja, akivisha kila kimoja mpira unaosinyaa kwa moto. Kisha akazungushia fungu zima tepu ya kitambaa, ili lisigonge plastiki gari likipita kwenye mashimo. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko nyingine zote, na sasa imefunikwa; hakuna abiria atakayeiona.

Nafasi ya redio kwenye Toyota hizi ina upana wa milimita 200, redio mpya ina 180. Pengo la milimita kumi kila upande akaliziba kwa vipande vyeusi alivyovipiga msasa hadi vikakaa sawa na fremu.

Redio ya zamani alinirudishia, ikiwa na skrubu zake zote ndani ya mfuko, na ikitakiwa kurudi inarudi leo hii. Nawe ukipeleka gari lako, kaa hapo utazame, na fundi akishika mkasi karibu na soketi, mwombe asimame kwanza.