Fanfari yenye kurudi nyuma: wanafunzi wa Florida ku Paris, 14 Julai 1989

Kuna wasomaji watatuuliza: fanfari inaingia namna gani katika kitabu cha mila? Tarumbeta ilikuja na wazungu. Ni kweli. Lakini ilipita ku kambi za Force Publique na ku mission, watoto wakaishika, Wakimbangisti wakaifanya sauti ya sala yao. Leo tarehe 30 Juni bila fanfari, sisi hatuijue. Kitu chenye babu amepiga, baba amepiga na mtoto anapiga, kiko mila tayari. Basi tunaomba ruhusa ya kusema juu ya fanfari moja ya mbali, Marching 100, ile ya wanafunzi weusi wa chuo kikuu Florida A&M, inchi ya Marekani. Tumeangalia picha zake mara mingi, na kila mara tunagombana.

Siku ni 14 Julai 1989. Ufaransa inafikisha miaka 200 tangu mapinduzi yake. Asubuhi askari wamepita na silaha zao ku Champs-Élysées. Jioni, barabara ileile, Jean-Paul Goude, mtu wa picha na publisite, anapitisha defile ya namna ingine, na kila taifa analipa alama yake. Wachina wanasukuma baiskeli na ngoma moja kubwa, bila shangwe, juu ya vijana waliouawa Beijing mwezi uliotangulia. Doudou N'Diaye Rose wa Senegal analeta wapiga ngoma wake. Jessye Norman, mweusi wa Marekani, anaimba wimbo wa taifa la Ufaransa ndani ya nguo ya rangi tatu. Na kwa kuonyesha Marekani, Goude aliita wanafunzi hawa. Wanafika wanapiga muziki ya James Brown, na wanatembea kwa kurudi nyuma, ule mwendo wa Michael Jackson, miguu inateleza kama iko juu ya sabuni.

Hapa njo ugomvi wetu unaanza. Mmoja wetu anasema ni aibu: siku ya kusherehekea haki za mtu, mweusi anarudi nyuma mbele ya wakubwa wa dunia! Hatudharau neno lake. Goude anapenda kugeuza watu kuwa picha, na namna yake ya kuonyesha mwili wa mweusi imelaumiwa mara mingi. Katika defile yake wengi walibaki alama tu: unaiona, unaelewa, unasahau.

Lakini fanfari, kwa maoni yetu, ilimshinda mwenye kuipanga. Juu ya nini? Juu sanaa yake haikuzaliwa Paris. William P. Foster aliianzisha ku Tallahassee mwaka wa 1946. Alipokuwa mwanafunzi ku Kansas, aliambiwa kwamba hakuna kazi ya kuongoza orkestra kwa mtu mweusi. Akashika fanfari, chombo cha askari, akaifundisha kucheza: magoti juu, mwili unainama, tarumbeta zinayumba pamoja, kisha mstari unarudi sawa kama uzi. Na mwenye alijaribu kutembea nyuma na tuba mabegani anajua: macho hayasaidie tena. Mstari unaushika kwa sikio, na kwa kuamini mwenzako. Kitu hiki mtu wa publisite hawezi kukipanga kwa siku mbili. Kasoro moja tunaikubali: ule mwendo ulikuwa umezoeleka tayari ku televizio za dunia yote, na mambo yao wenyewe, yenye uzito zaidi, yalifunikwa nao.

Tena tusisifu nidhamu yao kwa kufumba macho. Mwaka wa 2011, ku Orlando, kijana mmoja kati ya viongozi wa fanfari alikufa kisha kupigwa na wenzake ndani ya bisi, katika desturi yao ya siri ya kupimana. Fanfari ilisimamishwa mpaka 2013. Sisi wenye tulipita ubatizo wa mableu ku chuo kikuu, hatuna mdomo wa kushangaa.

Na fanfari zetu? Tarehe 30 Juni zinapita mbele ya tribini na magoti makavu, uso kama jiwe, na marshi zilezile za wakati wa mkoloni. Zikiisha kupita, kule nyuma ya soko, ngoma kubwa inabadilisha mwendo, tarumbeta inaingia ku rumba, watoto wanacheza. Muziki nzuri ya siku tunaisikia pale, na wakubwa hawaisikie. Mwalimu mmoja wa mji wetu alitaka kuipitisha mbele ya tribini. Akaambiwa hiyo ni utoto. Tulimuonyesha picha za Paris. Hakusema neno. Aliangalia miguu tu, akaomba turudishe mwanzo.